Dakika Nne

Jumapili, Ruwi, saa moja na nusu asubuhi.
Kiyoyozi kinakohoa, chai ya Biju haijapoa,
na barua pepe imeketi juu ya nyingine zote
kama mgeni aliyeingia na viatu.

"Fungua kiambatisho. Lipa leo. Haraka."
Chini yake: Mundhir.
Hakuna salamu.
Bwana Mundhir, ambaye hata akikuomba kalamu
huanza na mama hajambo, na mguu wake je,
na wadi ya Ibra imeshuka maji?

Kidole kimeshafika kwenye kipanya.
Nakirudisha mapajani, nakishika kwa mkono wa pili
kama mtoto dukani.

Mwaka jana Biju alifungua moja.
"Orodha ya mishahara mipya," ilisema,
na nani, jamani, asingetaka kuiona?
Skrini zikafa moja moja hadi mapokezi.
Siku nne tuliandika kwa mkono,
na bandarini Sohar kontena mbili za vitunguu
zikangoja karatasi ambazo hakuna aliyeweza kuzitoa.
Mimi ndiye niliyetumwa kuhesabu hasara.
Harufu ile ilikaa kwenye baibui langu mpaka Ramadhani.
Biju hakufukuzwa. Ila tangu siku hiyo
hula chakula cha mchana kaipa kompyuta mgongo.

Nasoma anwani herufi kwa herufi,
kama mama anavyochambua mchele,
miwani puani, akitafuta jiwe moja
litakalovunja jino.
Iko sawa. Naisoma tena. Iko sawa bado.
Lakini anwani nayo huibwa, kama ufunguo.

Kwetu mtu akibisha hodi huulizwa nani,
na akijibu "mimi"
huulizwa tena: mimi nani?

Siijibu barua. Nachukua simu,
napiga namba niliyoibandika mwenyewe ukutani.
Inalia. Inalia.
"Raya, nipo uwanja wa ndege, Salalah, wanatuita kupanda.
Ndiyo, nimetuma mimi. Kwani vipi?"

Namwuliza salamu yako iko wapi.
Kimya. Kisha kicheko kikavu
cha mtu asiyefurahi.
"Mama hajambo?"
Hajambo. Mguu bado.

Nafungua. Ankara, ankara tu,
ya mafuta ya malori.
Nimemchelewesha bosi dakika nne.
Nyuma ya kikombe chake
Biju ananyanyua vidole vinne,
na najua yeye
anahesabu siku.