Mzoa Maji

Wanasema maji yakimwagika hayazoleki.
Merle Vukovich huyazoa kila usiku,
mwaka wa thelathini na moja huu,
chini ya kilima, nyuma ya uwanja wa besiboli,
pale barabara ya Kettle Bend inapoishia
na lami kukata tamaa.

Siri ya mtungi aijuaye kata;
siri ya mji, uliza bomba.
Anajua lini kiwanda cha soseji kimeosha sakafu,
lini timu imefungwa,
na kwamba kuna mtu halali:
saa nane za usiku mtiririko hupanda kidogo,
sindano ya kipimo ikatikisika,
na Merle husema kwa sauti, peke yake,
"Pole, yeyote uliye."

Pampu namba mbili ni ya mwaka wa themanini na saba.
Ina kikohozi. Vipuri vyake havitengenezwi tena;
cha mwisho alikipata kwa mjane mmoja wa Ohio
aliyekuwa akizuilia mlango wa banda la kuku.
Stakabadhi ile mhasibu aliikataa.
Merle akalipa mwenyewe dola arobaini,
na mayai sita akapewa bure.

Kisha ile Jumanne ya Februari,
saa tisa na dakika kumi na moja,
kishale kwenye kompyuta kikaanza kutembea.
Mkono mmoja wa Merle ulishika kahawa.
Wa pili ulikuwa mfukoni.
Kishale kikatembea kama mgeni
anayejua mwenyeji anaficha wapi ufunguo:
pampu namba moja, zima.
Namba mbili, zima.
Hata kikohozi.
Hakuwahi kuisikia nyumba ile ikiwa kimya.

(Nenosiri lilikuwa jina la mji na tarakimu moja,
limebandikwa kwa utepe chini ya kioo
na fundi aliyekuja mara moja tu.
Siri gani hiyo? Panya waliisoma wakipita.)

Alichomoa waya ukutani.
Akashuka ngazi sabini na mbili,
goti likimlaumu,
akalikamata gurudumu la chuma
akalizunguka kama ngamia wa kinu
mpaka bwawa la akiba likafunguka.
Juu kule mtoto aliamka, akakojoa, akarudi kulala.
Maji yakaenda yaendako.

Barazani kila msemaji hupewa dakika tatu.
Merle alivaa tai.
Waraka kutoka Washington ulikuwa mezani, kurasa arobaini na nne:
mnapaswa, mnapaswa, mnapaswa kabla ya Juni;
penye neno fedha, tazama kiambatisho.
Kiambatisho hakikuambatishwa.
Ruzuku yataka mhandisi wa kuiombea,
mhandisi ataka ruzuku ya kumlipa.
Mkopo upo, wa miaka thelathini:
bili ya kila nyumba ipande dola nne.

Bi Ottilie Hostetler, mtunza hazina,
alifungua daftari la walioshindwa hata bili ya sasa.
Hakuwa mtu mbaya.
Aliyasoma majina kimoyomoyo, midomo ikicheza,
na la dada yake lilikuwamo.

Diwani Pruitt akauliza,
"Kwani kuna kilichomwagika?"
"Hapana."
"Basi."

Wakaahirisha hadi vuli.
Wakapitisha ubao mpya wa matokeo uwanjani,
wenye taa.

Nenosiri Merle alilibadilisha mwenyewe.
Kaliandika palepale, kwenye utepe,
ila kwa mwandiko wake,
ambao hata marehemu mkewe hakuuweza.

Kikao kilipovunjika, madiwani wakaenda msalani kwa zamu.
Yeye alisimama ukumbini, kofia mkononi,
akisikiliza ukuta:
moja. Mbili. Nne.
Wote saba.
Dakika ishirini hivi mpaka yafike chini, alikadiria,
na barabara ina barafu.
Akalegeza tai,
akatafuta funguo za gari,
akayawahi.