Lari Kumi na Tisa

Jumberi alipokwenda Polandi kuendesha malori
aliiacha besi yetu bila mtu,
kama nyumba iliyong'olewa sakafu
na waliomo wakaambiwa waendelee kucheza.

Tsiuri, mwalimu wa kwaya, akanipima kifua kwa macho.
"Wewe, Ambrosi. Mwili unao."
Akanitumia kwenye simu mazoezi ya mwaka juzi:
wanaume tisa, chumba kimoja, mvua ikigonga dirisha.
"Mfuate Jumberi. Anaposhuka, shuka."

Sikumsikia Jumberi.

Visikilizio vyangu vya kwanza vilitoka kibandani, kituo cha metro,
vyekundu, lari tano,
vinaimba kama nzi ndani ya kopo.
Teno ilikuwepo, nyembamba, uzi mtupu.
Sauti ya kati ilikuwepo, imeegemea upande.
Chini yao, pale alipokuwa akinguruma
mtu mzima wa kilo mia na kumi,
palikuwa peupe.

Vya pili, kumi na mbili. Vigumu,
vimechongwa kwa sikio la mtu mwingine.
Mimi huoka mikate tangu saa tisa usiku,
nainama ndani ya tanuri hadi kiunoni
nikibandika madonge ukutani mwake,
na kila nikiinama cha kulia kinachomoka,
kinaning'inia juu ya makaa.
Kufika alfajiri sikio la kushoto linawaka
kama limevutwa na mwalimu wa hesabu.
"Rahisi ghali," alisema Nanuli, mke wangu,
akijumlisha kwa sauti: kumi na saba.

Katika duka la vioo waliniruhusu kujaribu vya mia tatu.
Nilisikia, nadhani, kikohozi cha Jumberi.
Nikavirudisha taratibu, kwa mikono miwili,
kama mtu anayemrudisha mtoto mchanga kwa mamaye.
Mia tatu ni gesi ya baridi yote.

Jumapili nikaenda soko la nyuma ya stesheni,
kwa Gulnazi, mwenye miwani jozi mbili,
moja puani, nyingine utosini.
Sikumtajia besi. Nilisema: vya bei nafuu, visiumize.
Hakugusa bidhaa zake. Aliyamulika masikio yangu kwa tochi
kama fundi anayekagua bomba.
"Nani alikwambia yanalingana?"

Miaka arobaini na sita nimeyabeba kichwani
nisijue la kushoto ni dogo.

Alinipa vyeusi, havina jina, lari kumi na tisa,
waya wake unazunguka nyuma ya sikio kama mguu wa miwani.
Kisha akafungua kopo la vifungo
lililojaa vimpira, akachakura, akanivisha:
kikubwa kulia,
kushoto kidogo kama punje ya njegere.
"Sauti nzito ni mvuke wa chungu," alisema.
"Mfuniko ukipwaya, inakwenda zake."

Nikasimama kati ya soksi na betri.
Mvua dirishani. Kiti kinasogezwa.
Halafu Jumberi,
na kwanza hakuwa sauti, alikuwa uzito,
kama mtu aliyeketi ukingoni mwa kitanda chako gizani.
Huingia nusu pumzi baada ya wenzake.
Nilisimama naye bega kwa bega miaka sita
na sikulijua hilo.
Mstari wa tatu anakosea. Anashuka mapema,
na wote wanane tunashuka naye,
mimi nikiwemo, nikidhani ni mimi niliyechagua.

Gulnazi aliuliza kitu. Niliona midomo tu.
Pengine: vinaumiza?
Nikatikisa kichwa, havikuchomoka.

Sasa naimbia tanurini, kichwa chini,
na udongo wa moto unanirudishia kila neno.
Tsiuri anasema mstari wa tatu nauharibu.
Ndivyo unavyoimbwa, namwambia.