Gari au Nyumba?

Kijana Kalama, ofisini Barabara ya Lamu,
feni juu yake ikisaga joto bila kulimaliza,
ameweka fomu mbili mezani, ya njano na ya bluu:
"Mama, tuandike gari au nyumba?"

Nikamtazama Changawa. Changawa akatazama kofia yake.
Swali hilo hatukujiuliza
siku tulipolinunua kwa Mtaliano aliyekuwa akifunga hoteli,
kwa kiinua mgongo changu chote na mbuzi wanne wa mume wangu.

Lina magurudumu sita. Ni gari.
Lina pazia nililolishona kwa leso za harusi yangu. Ni nyumba.
Lina honi.
Lina jiko la gesi, na kitanda
ambacho mtu mrefu hulala amekunjwa kama barua,
na kuku wa jirani alishataga chini ya usukani.

"Tukiandika gari," asema Kalama, "sufuria hazimo.
Tukiandika nyumba, kompyuta itakataa:
nyumba haigongani na lori."

Bima ndogo humlipa utakayemgonga;
wewe na chako, Mungu anajua.
Bima kubwa hukulipa hata wewe,
ila ina maandishi madogo kama mbegu za mchicha,
nami miwani nimeiacha nyumbani,
ile nyumba isiyo na magurudumu.
"Soma wewe, mwanangu. Pole pole, usiruke."

Akasoma. Haimo mafuriko ya kujitakia
(ukiyaona maji ya Garsen yamepanda lami ukaingia,
hiyo si ajali, ni ujeuri).
Halimo godoro. Haimo tairi peke yake.
Na elfu thelathini za mwanzo ujibebee.
Nililelewa nikijua mchuma janga hula na wa kwao.
Kumbe siku hizi hula na kampuni,
mradi tonge la kwanza liwe lake.

Kisha tukafika kwenye kukokotwa.
Hapo Changawa akavua kofia.
"Brekidauni itatufuata hadi wapi?"
"Kilomita hamsini, mzee."

Hamsini. Nikazihesabu kimoyomoyo
kama nilivyohesabu matone ya dripu wodini:
Mambrui, Gongoni, Marereni kwa shida.
Nasi twataka Mokowe,
pale barabara inapotia ulimi majini ikanyamaza,
na ng'ambo kuna dada yangu Mbeyu,
aliyeolewa Lamu, miaka kumi na mmoja sijamwona.

"Kwa elfu sita zaidi," asema Kalama, "popote penye barabara."

"Elfu sita," Changawa akasema, "kwa jambo ambalo huenda lisitokee?"
Miaka thelathini nilishika zamu ya usiku
kwa jambo ambalo huenda lisitokee.
Lilikuwa likitokea saa tisa, saa kumi,
mara nyingi mvua ikinyesha.
Sikumwambia hayo. Anayajua.
Tangu kiharusi, mguu wake wa kushoto
huvutwa na wa kulia, na wa kulia ukichoka
huvutwa na mimi,
wala hatujawahi kuulizana ni kilomita ngapi.

"Andika gari," nikasema. "Andika na hizo elfu sita.
Sufuria nitazilinda mwenyewe."

Mhuri ukagonga.
"Rangi?"
"Krimu. Na buluu kidogo ubavuni,
alipopaka mzee kwa mkono mmoja."
"Inaanza saa sita usiku," akatuambia, akatupa mkono.

Ilikuwa saa tisa alasiri.
Nikapanda, nikawasha. Kimya.
Nikawasha tena. Taa nyekundu, kimya.
Kalama akatutazama dirishani,
akaitazama saa yake, akatoka,
akafungua tai akaitia mfukoni.
Wakaja vijana wawili wa bodaboda na muuza viazi karai.
Changawa naye akaja nyuma, nikamwona kwenye kioo,
ameegemeza bega zima pale kwenye buluu.

Hatua kumi. Ishirini. Hakuna aliyezipima.
Likakohoa, likashika,
na ndani sufuria zangu zikalia zote kwa pamoja,
zisizo na bima.