Hapa Hatukati

Ghorofa ya pili, Chumbageni. Feni inakata hewa
kama mtu anayekata kitunguu bila haraka.
Mbele yangu darasa mama, mistari elfu na mia mbili,
kazi ya fundi aliyehamia Dodoma
akatuachia nywila nyuma ya ankara.
Kila huduma ya bili za maji inarithi hapo:
SomaMita, TumaDeni, PokeaMalipo,
na kwa kuwa urithi hauchagui,
KataMaji.

KataMaji iko wazi, mlango wa barabarani.
Mwenye anwani agonge tu,
na nyumba ya mtu Makorora imekauka
sufuria ikiwa jikoni.

Nimeagizwa nizae mtoto:
huduma ndogo ya kuuliza deni kwa simu.
Aulize. Asikate.
Nikamwandikia mbinu ya jina lilelile,
ndani tupu, ila maneno mawili: Hapa hatukati.
Nikaitoa kwenye orodha wanayoiona wageni.
Nikajaribu. Kimya.
Nikajimiminia kahawa ya tangawizi.

Baba alikuwa nyapara wa mkonge, Ngomeni.
Alihesabu matita kwa kidole, hakugusa jani.
Likipungua moja: "Hesabu upya!"
Likipungua tena, jina linakatwa daftarini
na posho ya siku inakwenda na jina.
Sauti ile ilirudi naye jioni,
ikakaa mkekani, ikala nasi.
Mimi naongea polepole.
Watu husema, huyu dada mpole, sijui katoka wapi.

Hiza, kijana wa mafunzo, kavuta kiti.
"Dada, umemwita kwa jina lake.
Hebu mshike kama mwana wa mama yake."
Akaandika mstari mmoja, mfupi kuliko salamu.
Akaunti ya majaribio, arobaini na saba.
Kioo kikajibu: Imekatwa.

"Hukuiondoa," akasema. "Umeifunika."

Jumamosi, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Moja,
nanunua muhogo, chenji imepungua mia mbili.
Mzee wa pembeni, vidole vina makovu ya miiba,
kaniangalia sana.
"Wewe si binti Shemhilu?"
Sikumjibu yeye.
Nilimgeukia muuza muhogo, mtoto wa watu,
na kilichonitoka kinywani
mzee alikijua kabla sijakimaliza.
Akainua kapu lake, akaenda zake.

Nimefuta neno la kurithi.
Huduma hii sasa haina mzazi:
darasa lile inalo ndani kama mtumishi,
inalituma deni, linaleta deni,
mengine haliulizwi.
Ukiiita kwa jina la mama, haigeuki.
Kazi ya saa nzima. Msimbo una bahati,
huandikwa upya.

Hiza anauliza, je, tuzipime zote, au hii moja?
Zote, namwambia, taratibu kabisa,
na kidole changu, juu ya meza,
kimeshaanza kuhesabu.