Kumi na Tisa Zisizo Zetu

Nje kidogo ya Sinaw, saa tatu usiku.
Mnara tumeuacha mashariki, kilomita arubaini,
taa yake nyekundu hatuioni tena.
Barua ya Maskati imelala kwenye dashibodi, mikunjo minne:
modulesheni yenu imepita mia. Punguzeni.

Makame amezima gari,
akazima kiyoyozi, akazima na simu,
maana kila chenye umeme kina la kusema.
Jasho likaingia zamu.
Kipimo nimekiweka juu ya boneti, juu ya taulo,
na mshale unaruka kama punje ya bisi:
mia na tano, mia na kumi na moja, mia na kumi na tatu.
"Basi Maskati wamesema kweli," anasema Makame.

Ngoja.

Mtangazaji wetu ana kawaida yake:
akimaliza habari, hunywa maji.
Sekunde nne, si neno si muziki,
wimbi tupu, mchukuzi asiye na mzigo.
Hapo mshale sharti ulale.
Haukulala.
Ulisimama kwenye kumi na tisa, unatetemeka,
na chini ya ukimya wetu, mbali,
mtu wa ng'ambo ya Ghuba alikuwa akisoma bei za kitu.
Kifarsi sikijui. Bei naijua kwa mwendo wake.
Juu yake, mkwaruzo wa pampu za mashamba.

"Toa kumi na tisa," Makame keshapiga hesabu,
"tisini na nne, twende tukale."
Mawimbi hayatolewi kama chenji ya dukani, Makame.
Mara yanabebana, mara yanalana.

(Ofisini nikifungua mdomo kwa Kiarabu
yupo anayeinua kichwa: sauti hii yatoka wapi?
Mama kazaliwa Wete.
Hajapata kusubiri ninywe maji.)

Nikashusha fremu ya mbao,
waya mizunguko kumi na minane, kazi ya mikono yangu,
nikaigeuza kidogo, kidogo tena,
mpaka uso wake bapa ukamkabili yule wa kaskazini.
Akafifia. Hakufa,
alibaki kama mtu anayeongea chumba cha pili.
Tukakaa saa nzima tukingoja glasi nyingine ya maji.

Mshale ukashuka: tatu.
Kisha habari zikarudi, na nyakati za meli, na tangazo la simenti,
na kilele hakikuvuka tisini na sita.

Nikaandika ukimya kwanza, halafu sauti,
halafu saa, na fremu ilielekea wapi.
Kesho adhuhuri tutarudia chini ya mnara,
wakati mbingu hairudishi maneno ya watu.

Makame, kachoka, akawasha gari na baridi yake yote.
Mshale ukaruka hadi arubaini.
"Na hii ya nani?" akauliza.
Yako.