Bendera Bila Mkono

Tope la theluji mlangoni, Malmedy, mwezi wa pili.
Ndani ya gereji kuna kiti kilichong'olewa kwenye gari bovu,
usukani uliofungwa kwa skrubu kwenye meza ya kupigia pasi,
na kaka yangu Ghislain, ambaye hajanisemesha tangu Jumanne
kwa sababu nilisema mchezo wake una roho ya friji.

Michezo ni miwili. Wake tunauita Kioo:
lami inang'aa, matone yanateleza juu ya boneti,
ukipita kasi, misonobari inainama kukupisha.
Wangu ni Chuma. Picha zake, nakiri, ni za aibu,
miti kama maboksi yaliyosimamishwa na mtoto,
mashabiki wana uso mmoja, wote, hata mbwa.
Lakini shika usukani! Tairi la nyuma likianza kukusaliti
unalisikia viganjani kabla hujaliona,
kama mtu anayekuvuta shati sokoni akupe habari mbaya.

"Subiri mwakani," alisema Ghislain. "Kioo kitajifunza uzito."
"Chuma kitajifunza rangi," nikamjibu. "Kipi rahisi?
Kumpaka poda mwenye akili, au kumpa akili mwenye poda?"
Akanuna. Mimi pia sikulala vizuri.

Leo tumemwita baba aamue.
Aubin Lejoly: miaka thelathini na mmoja
alisimama na bendera ya njano kwenye kona ya mlimani,
mvua, ukungu, moshi wa mafuta, mkate wa jibini mfukoni.
Anaijua kona ile kama ulimi unavyolijua pengo.

Alianza na Kioo. Mizunguko miwili, kimya.
Kisha: "Mvua hii ni ya wapi? Inanyesha sawasawa kote.
Kwetu juu huwa mafuriko, chini watu wanaota jua."
Ghislain akainamisha kichwa kama aliyeitengeneza yeye.
Akaingia Chuma. Kwenye ukingo uliolowa gari likamgeuka;
mikono ikaurudisha usukani yenyewe,
mikono ya baba, asiyefungua hata chupa ya jemu bila kuguna.
Nikaanza kutabasamu.

Ndipo gari jingine, la kompyuta, likapinda na kugonga ukuta mbele yake,
na baba akauachia usukani,
akanyanyua mkono wa kulia, akaupunga,
akaupunga
katikati ya gereji, gari lake likijiendea majanini.

"Pale," akasema, akigusa skrini kwa kidole chenye vumbi la mbao,
"pale pana kibanda chetu. Mbona hamna mtu?"
Kwenye Chuma palikuwa na taa tu.
Tukafungua Kioo: bendera ipo, nzuri, hadi mikunjo ya kitambaa,
ikijipunga hewani, bila mkono.

Kahawa imepoa.
Ghislain anasema labda toleo lijalo.
Nami nasema labda, na kwa mara ya kwanza wiki hii
hatujui tunamtetea nani.
Baba ameomba arudishwe kitini.
Siyo kukimbia, asema. Liegesheni tu pale kwenye kona,
niwaangalie wanaopita.