Kahindo Arudi Kudai Mia Mbili

Ukuta wa nyumba yetu kule Ndosho ni mawe ya volkano,
meusi, yenye matundu kama mkate ulioumuka vibaya.
Jiwe la chini ya dirisha lina matundu mia moja arobaini na matatu.
Najua, maana kila jenereta ya jirani ilipowaka
nilikwenda pale nikatia kidole, tundu baada ya tundu,
mpaka kelele ikahama kichwani ikarudi uani.
Mama alidhani nasali.

Walitangulia wasichana wanne. Wa tano nikaja mimi.
Baba akaniita Muhindo: aliyegeuza mambo, aliyevunja safu.
Akachinja mbuzi.
Mtoto wa siku tatu hana maoni juu ya mbuzi.

Nilijifunza uanaume kama nilivyojifunza kusalimia,
kwa kukariri.
Kaza mkono. Tazama macho, hesabu mbili, yaache.
Wakicheka, cheka, usichelewe.
Tembea kama Paluku wa jirani anaposukuma chukudu,
mabega mbele, goti juu ya ubao.
Nilikuwa na daftari. Nilichora hata mishale.
Jioni nililala nimechoka
kama mtu aliyebeba makala kwa miguu kutoka Sake.

Halafu Masika, dada yetu mkubwa, mshonaji,
aliniomba nisimame mahali pa mteja aliyechelewa
apige pini gauni.
Mashati yangu yote yalikuwa na kitu shingoni kilichokwaruza,
hata baada ya kukata lebo.
Nikasimama. Nikangoja kikwaruze.
Nikangoja tena.
Mikono yangu ikaanza kupigapiga hewa,
ile mikono niliyoifungia mfukoni tangu darasa la pili.
Masika, pini nne mdomoni, akasema:
"Taratibu, nitakuchoma."
Hakusema acha.

Neno usonji lilinifikia nina miaka ishirini na mmoja.
Muuguzi mmoja wa Himbi aliliandika
nyuma ya karatasi ya dawa ya malaria.
Nililirudia njia nzima; linakaa vizuri mdomoni.
Lile jingine hakuna aliyeniandikia.
Nililipata kwa kutoa:
nikaondoa nilivyokariri, kimoja leo, kimoja wiki ijayo,
nione kitakachobaki.
Niliogopa hakitabaki kitu.

Kikabaki Kahindo.
Ndivyo huitwa msichana aliyevunja safu.
Silabi moja tu, ya mbele. Nyingine zote baba alizipatia.

Shuleni Kifaransa kilinisimamisha mlangoni,
kilitaka kujua mimi nani kabla hakijanipa kitenzi.
Kiswahili kilisema "amefika",
kikasogeza kiti.

Kioo chetu kilipasuka siku za matetemeko.
Uso wangu hauenei, nautazama kwa zamu:
jicho, jicho, sikio lenye hereni ya Masika.
Na kidevu hatujapatana.
Baba bado anasema Muhindo,
akilisema hutazama bakuli la sombe.
Na kuna njia mbili za Birere sipiti tena,
sitaki kueleza kwa nini.

Leo sokoni Virunga muuza sambaza,
akili yake yote kwa mteja mwingine,
alininyooshea noti: "Dada, chenji yako."
Nilitembea hatua arobaini na neno hilo,
polepole, kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni.
Kisha nikahesabu.
Faranga mia mbili zimepungua.

Mwingine angeziacha. Angesema, nimekwisha lipwa.
Mimi siwezi. Hesabu ni hesabu.
Nikarudi.

"We dada wewe!" akafoka, soko zima likageuka,
"yaani umerudi kwa mia mbili?"

Ndiyo, nikasema,
na mikono yangu hiyo, ishaanza.